Wa Erik Kulia, Wa Olaf Kushoto

Callixte wa kitongoji cha Hallunda alikuwa na kazi ya ajabu kwa Mrundi: kuwaeleza Waswidi habari za Waviking, mababu zao wapiganaji wa baharini. Katika jumba dogo la makumbusho mjini Stockholm alijitanda joho la sufi, akasimulia jinsi watu wa York, mji wa kaskazini mwa Uingereza, walivyompokea mfalme Erik, wakamfukuza, wakamkaribisha Olaf, wakamfukuza naye, kisha wakamrudisha Erik yule yule. Wanafunzi waliozuru aliwagawa makundi mawili, wa Erik kulia, wa Olaf kushoto, wakazomeana mpaka sauti zikawakauka. Mchezo huo ndio uliompa sifa pale kazini.

Jumamosi moja akaileta kwaya yake ya kanisani, Warundi watupu, ili nao wamwone alivyo bingwa. Alikuwemo Bertrand, mwimbaji wa besi, sauti nzito, rafiki yake wa miaka kumi na minne. Watu hawa wana desturi yao: unaweza kumuuliza mwenzako mkoa aliotoka, hata jina la babu yake, lakini wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe kwao Burundi alikuwa upande gani, hilo halitamkwi. Desturi hiyo ndiyo iliyoishikilia kwaya. Ila siku hiyo sifa zilikuwa zimempanda Callixte kichwani.

"Haya, wa Erik kulia, wa Olaf kushoto!"

Hakuna aliyecheka. Wakaanza kusogea taratibu, kila mmoja akichungulia kwanza nani kaenda wapi, na Callixte akaiona kwaya ikijipanga vile vile nchi yao ilivyojipanga vitani. Bertrand peke yake alibaki katikati, na Callixte, kwa woga, akakimbilia utani.

"Bertrand ndugu yangu, chagua basi! Wa katikati huchinjwa na pande zote."

Bertrand alivaa koti lake, akafunga vifungo kimoja kimoja.

"Wakati wa vita, wauaji walitupanga hivi hivi shuleni kwetu," alisema. "Mdogo wangu alikosea upande."

"Sikujua, Bertrand. Miaka yote hii sikuwahi kukuuliza."

"Ndiyo maana nilikupenda. Leo umeniuliza, tena mbele ya watu."

Akatoka. Callixte aliona aibu. Alivua joho, akawageukia waliobaki.

"Jamani, ulikuwa mchezo tu. Rudini katikati."

Wakatazamana, hawa wa kulia, wale wa kushoto. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza.