Debe la Maji ya Makote

Baba yangu alikuwa fundi baiskeli pale Mkomaindo, Masasi, na aliamini kwamba hakuna kitu kinachoharibika bila mtu kuzembea. Ndiyo maana safari yetu ya kwenda Makote kwa bibi aliipanga wiki mbili nzima. Mwingereza alikuwa bado na bendera yake bomani, ingawa watu walishaanza kusema hana siku nyingi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, mkubwa kwa wadogo zangu wawili, na mkali kuliko wote.

Habari ililetwa na mtu aliyeshuka kutoka Newala, juu mlimani kulekule kwa bibi, kuuza mikeka. Bibi, mama yake mama, alikuwa hawezi tena kutoka nje. Aliagiza mambo mawili: awaone wajukuu wake wote watatu, na binti yake aje na debe la maji.

Hilo la pili mama alilielewa palepale, akaketi chini. Kule juu kwao hakukuwa na kisima. Mambo ya bomba yalikuwa yanazungumzwa tu. Wanawake waliondoka alfajiri kuteremka bondeni, wakarudi jua limeshapanda, kila mmoja na mtungi wake kichwani. Bibi aliuteremka mteremko ule maisha yake yote, na hakutaka siku akifa aoshwe kwa maji ya kuombwa nyumba kwa nyumba. Alitaka aoshwe kwa maji aliyoletewa na mwanawe. Mama alitueleza hivyohivyo, bila kuficha, na tangu siku hiyo sikupenda kulitazama debe lolote.

Tulikuwa na baiskeli mbili, ya baba na ya mjomba, mdogo wake mama, aliyekubali kutusindikiza. Mjomba angempakia mama kwenye keria, na mama angembeba mtoto mchanga mgongoni. Baba angempakia mdogo wangu wa miaka saba mbele kwenye fremu, na mimi nyuma. Debe halikuwa na mahali.

Baba akaweka ubao juu ya jiwe. Upande mmoja akaweka debe lililojaa maji, upande wa pili akamkalisha mdogo wangu. Ubao ukayumba kidogo, ukatulia sawasawa. Mdogo wangu alicheka sana, akataka apimwe tena.

"Huyu na debe ni uzito mmoja," baba akasema. "Kimoja kibaki."

"Amesema wajukuu wote," mama akajibu.

"Basi maji tutaomba hukohuko."

"Baba watoto, kwetu mgeni haombi maji. Ataomba kiti, ataomba muhogo, hata pa kulala ataomba. Maji haombi."

Baba alicheka. Alikuwa mtu wa bondeni, aliyezaliwa karibu na kisima. "Watu gani hao wasiompa mtu maji?"

"Watakupa," mama akasema. "Ndiyo maana huombi."

Mwishowe baba akaniundia baiskeli ya tatu kwa vyuma vilivyokuwa vimelala uani: gurudumu la huyu, usukani wa yule, na breki hakuna. Nilikuwa mfupi, kwa hiyo niliiendesha nimepitisha mguu mmoja ndani ya fremu, na kusimama nilisimama kwa kuburuta unyayo. Debe likapata keria ya baba. Mama aliliosha mara tatu, akalijaza, akaziba mdomo wake kwa nta ya nyuki na kitambaa kipya.

Jioni tatu mfululizo tulifanya mazoezi kuzunguka uwanja wa mpira, matofali yakiwa mahali pa mizigo. Watu walitoka nje kutuangalia. "Fundi, unahama na matofali yako?" Baba alizidi kukanyaga pedali. Alikuwa na karatasi ya mfuko wa saruji aliyochora njia yote: tutalala wapi usiku wa kwanza na wa pili, viraka vingapi, gundi, spana, pampu. Kila kisima alikiwekea msalaba, ili tujaze vibuyu vyetu viwili vya kunywa. Msalaba wa mwisho ulikuwa chini kabisa ya mlima.

Siku mbili za kwanza zilifuata karatasi ile hatua kwa hatua. Nasema kweli, nilijivunia baba. Tulipata pancha mbili tu, na zote alikuwa amezihesabia muda.

Siku ya tatu tulifika kwenye msalaba wa mwisho tukakuta tope lililokauka na kupasuka. Baba alikuwa amepita pale mara moja tu, tena masika. Alisimama akikitazama kisima, karatasi mkononi. Vibuyu vilikuwa vitupu. Mama alishauri turudi kijiji tulicholala, baba akasema tutapata juu. Tukaanza kusukuma baiskeli kuupanda mlima.

Kufika mchana mdogo wangu aliacha kulalamika, na hapo ndipo tulipoogopa. Midomo yake ilipasuka, akawa anajibu maneno nusunusu. Mabibo ya mikorosho ya kando ya njia, ambayo tungeyafyonza maji yake, yalikuwa bado hayajaiva. Tulipomaliza kupanda tukaona nyumba kando ya njia, na baba akaenda moja kwa moja.

"Hodi. Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibuni."

"Naomba maji, mama. Mtoto ana hali mbaya."

Yule mama alimtazama mdogo wangu. Kisha akaingia ndani, akakaa kitambo, akatoka na kikombe kidogo amekishika kwa mikono miwili. Watoto wake wanne walitoka nyuma yake wakasimama ukutani, na macho yao hayakututazama sisi, yalitazama kikombe. Mdogo wangu alikunywa mafunda matatu, kikawa kimekwisha. Baba alikirudisha kwa mikono miwili, macho chini. Sijapata kumwona tena na aibu kama ile.

Mama yetu alikuwa ameshaanza kufungua kamba za debe.

"Mama watoto," baba akasema, "hayo si ya..."

"Najua ni ya nini."

Akaibandua nta kwa kucha. Alimnywesha mdogo wangu kidogokidogo, akapumzika, akamnywesha tena. Akanipa mimi. Nilikataa, akanitazama, nikanywa. Yalikuwa matamu, na utamu ule nimeuchukia hadi leo. Baba na mjomba walikunywa wakiwa wametugeuzia mgongo. Mwisho mama akakijaza kile kikombe mpaka ukingoni, akamrudishia mwenye nyumba. Mdogo wangu akaanza kulia kwa sauti, tukajua amepona.

Tulifika Makote jua likielekea kutua. Bibi alikuwa amelala kitandani, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Baba, kwa adabu ya mkwe, alibaki mlangoni. Mjomba aliliingiza debe, akaliweka karibu na kitanda. Bibi akanyoosha mkono akaligonga kwa kidole, toka juu kushuka chini, akisikiliza. Katikati sauti ikabadilika. Akarudia mara ya pili.

"Mengine yako wapi?"

 Mama alimshika mdogo wangu mabega akamsogeza mbele. Bibi alimwangalia kwa muda mrefu, akamwekea kiganja tumboni.

"Basi yamefika," akasema.

Alifariki siku ya nne baada ya sisi kufika, asubuhi. Majirani walikuja bila kuitwa, kila mmoja na mtungi, wakaipanga mlangoni. Mama aliwashukuru mmoja mmoja, lakini hakuigusa. Yeye na dada zake, waliofika kutoka vijiji vya juu kulekule, walimwosha mama yao kwa nusu debe, wakipima kwa kata, na yalitosha.

Wakati wa kurudi, baba alilifunga lile debe tupu kwenye keria kwa kamba zilezile na mafundo yaleyale. Karatasi yake sikuiona tena. Mdogo wangu alitaka kukaa juu ya debe, baba akamkatalia. Kisha akamwinua, akasimama naye mikononi kwa muda kama anayempima, akamweka mbele yake kwenye fremu.