Kigari Chekundu

Jirani yangu hakuruhusu mtu aguse vigari vyake vya mfano kabatini. Milango ya vigari hivyo hufunguliwa na mota ndogo kuliko punje ya mahindi. Ukiisukuma kwa mkono, meno ya gia yanakatika. "Kidole chako ni shoka," humwambia kila mgeni, kisha hubonyeza rimoti na kutega sikio asikie mota ikizunguka. Kile chekundu hakukifungua kamwe. Alimtunzia binti yake aliyeko ng'ambo. Juzi binti kaja. Mzee akabonyeza, akabadilisha betri, akabonyeza tena. Kimya, mota ilishaganda kwa kukaa. Binti akausukuma mlango kwa kidole. Ndani kukasikika "ka!" ya jino linalokatika.

"Si umefunguka, baba? Mota ya nini?"

"Ya nini kweli, mwanangu," akasema mzee, sikio lake bado limeinamia kigari.