Ng'ombe wa Saba Kwenye Mikoko

Kitindamimba wetu alishuka kwenye basi la Buffalo amekumbatia bomba la karatasi refu kumpita, na kabla hajanisalimu alisema, "Yaya, wamekataa hoteli yangu."

Nilimwambia hoteli ingoje, aingie garini kwanza, maana Columbus mwezi wa tatu haimhurumii mtu aliyevaa koti la kupigia picha.

Kwetu, watu wa milima ya Kivu ya Kusini, mkubwa wa nyumba huitwa yaya, awe mwanamke au mwanamume. Jina hilo lilinikuta nikiwa darasa la sita, baba na mama walipofuatana kaburini ndani ya msimu mmoja wa mvua. Nilifunga daftari, nikachukua fimbo ya baba, nikaenda kuchunga. Daftari langu sikulifungua tena, lakini wadogo zangu wawili nilihakikisha hawafungi ya kwao. Wa kati alimaliza sekondari. Sasa anaendesha fokolifti, gari la kunyanyulia mizigo, kwenye ghala moja huko Louisville na anajiona mhandisi. Kitindamimba, msichana pekee baada yangu, yuko chuoni Buffalo, anasomea kupanga miji na ardhi. Mimi nakaa Whitehall, hapa Columbus, nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Kazi yangu ya pili ni kuwaamrisha hao wawili kwa simu.

Jikoni alikunjua karatasi, ikafunika meza yote na sahani ya sambusa. Ilikuwa ramani ya ghuba moja katika kisiwa cha Karibi, mahali ambapo hapajajengwa hata choo. Walimu wake walikuwa wameitoa kama mtihani wa mwisho: onyesha jinsi ya kuleta hoteli na ajira pale bila kuua vitu vinavyoiweka hai ile pwani. Kulikuwa na ufuko ambako kasa hupanda kutaga mayai, kulikuwa na mlima wa mawe, na kulikuwa na mikoko.

"Mikoko ni nini?" niliuliza. Mimi ni mtu wa milima. Maji ninayoyajua ni baridi na yana haraka.

"Ni miti inasimama ndani ya bahari, Yaya. Samaki wanazalia kwenye mizizi. Dhoruba ikikuja, inavunjikia pale, kabla ifike kwa watu."

Nilipenda miti hiyo mara moja. Kwetu kuna mabonde yenye maji ambayo hakuna anayethubutu kuyalima, hata awe na njaa, maana jua likikausha vilima vyote, nyasi hubaki kule chini tu. Bonde la namna hiyo halina mwenyewe, ndiyo sababu kila mtu hulilinda.

"Sasa walikataa nini?"

"Wanasema mpango yangu ni muzuri kama keki ya harusi, lakini hawaone nani ataishi nayo." Alikaa, akala sambusa ya kwanza, na sauti ikashuka. "Wamenipa nafasi moja. Nitengeneze mfano kwa mikono, mezani, niutetee mbele ya waamuzi watatu. Nikianguka, narudia mwaka. Na ile kazi ya ofisi ya mto, hawatanigoja."

Kazi hiyo niliijua. Ofisi moja inayoshughulika na kingo za mto kule Buffalo ilikuwa imemwahidi nafasi akimaliza tu, na mimi nilikwisha kulitangazia kanisa zima.

Nikainamia ramani. "Na hapa nani anapita?"

"Hakuna mutu. Ardhi iko wazi vile vile. Ni wavuvi kidogo tu, na wale wa mbuzi kule juu."

"Donc, basi, watu wako pale."

"Yaya!"

"Nimeuliza tu."

Wa kati alifika Jumamosi asubuhi kutoka Louisville. Garini alikuwa na mlango wa kabati la zamani, mapande ya sponji ngumu ambayo ghala lao hufungia mizigo kisha hutupa, na kopo la gundi alilolishika kama mtoto mchanga.

"Hii gundi," alisema, "inashika bampa ya lori. Ukibandika, umebandika. Hata Shetani hawezi kubandua."

"Tunajenga ghuba, hatujengi gereza," kitindamimba akamjibu.

Tulifanya kazi siku nzima. Mlango wa kabati ukawa kisiwa, sponji zikawa mlima. Sponji za kijani za kuoshea sufuria tulizikata vipande vipande, tukazichomeka vijiti vya meno kwa chini. Hiyo ndiyo ikawa mikoko. Ufuko wa kasa ulitusumbua mpaka nilipofungua kabati na kutoa unga wa semolina tunaosongea ugali. Ukamwagwa juu ya gundi, ukakaa kama mchanga wa kwenye kalenda. Hoteli aliijenga mwenyewe kwa karatasi ngumu, ghorofa mbili tu, bwawa la kuogelea upande mmoja na maegesho upande wa pili, paa la kukinga maji ya mvua, taa zote zimegeuziwa nyuma ili kasa wasipotee njia. Ilikuwa hoteli yenye adabu. Akaiweka katikati ya ufuko, na wa kati akaibandika kwa gundi yake kabla mtu hajabadilisha mawazo.

Mimi nikasogea nyuma na kutazama. Kila kitu kilikuwa mahali pake, na bado palionekana kama nyumba ambayo watu wameihama jana.

Sasa lazima niseme kuhusu udongo. Kule kazini, kila Jumatano wazee hupewa udongo laini wa kuchezea ili vidole visilale, na unaobaki hupewa anayeutaka. Nilikuwa na donge la rangi ya kahawia kwenye mkoba. Na mtoto wa milima yetu, ukimpa udongo, hatengenezi mpira wala nyoka. Anatengeneza ng'ombe. Nikatengeneza saba, pembe ndefu za vijiti vya meno, mmoja mwenye nundu kama yule ng'ombe wa mama, ambaye kila asubuhi nikimkamua alinipiga teke. Wadogo zangu walipotoka kupokea pizza, niliwapeleka ng'ombe wangu malishoni, kandokando ya mikoko.

Kitindamimba alirudi, akaona, akaweka pizza chini polepole.

"Yaya. Hizi ng'ombe zinafanya nini Karibi?"

"Zinakunywa maji."

"Ile ni maji ya chumvi!"

"Basi zinalamba chumvi. Ng'ombe hupenda chumvi, hukufundishwa chuoni?"

Wa kati alicheka mpaka akashika friji. Kitindamimba hakucheka. Aliwaokota mmoja mmoja, akawatia kwenye kopo tupu la kahawa, akanitazama jinsi mama alivyokuwa akinitazama.

"Ziko ngapi?"

"Sita," nilisema.

Sikujivunia uongo huo. Lakini sikulala njaa kwa sababu yake. Yule mwenye nundu alibaki nyuma ya sponji za kijani, pembe zake zikifanana kabisa na mizizi.

Siku ya mtihani tulimfuata Buffalo na ghuba yake, mimi na wa kati mbele, mlango wa kabati umelazwa nyuma na kufungwa mikanda ya usalama miwili. Kutoka Cleveland ziwa lilitusindikiza upande wa kushoto, na kila gari liliporuka kidogo wa kati aliuliza, "Mikoko iko salama?" Chuoni kitindamimba alitungoja mlangoni. Alitazama gauni langu la kitenge, akatazama suti ya kaka yake ambayo ilikuwa imeona harusi nyingi, akasema jambo moja tu:

"Yaya, leo usinisaidie."

Tukakaa nyuma. Waamuzi walikuwa mwanamume mwenye miwani, kijana mmoja mwenye kompyuta, na mama wa makamo mwenye hereni kubwa ambaye kitindamimba alikwisha kuninong'oneza kuwa amezaliwa visiwa vile vile. Mdogo wangu alisema vizuri. Alieleza maji ya mvua, taa, mayai ya kasa, umbali kati ya hoteli na mikoko. Mwenye miwani aliitikia kwa kichwa. Nilianza kupumua.

Ndipo mama wa hereni akainama, akaingiza vidole viwili kati ya sponji, akatoa ng'ombe.

"Huyu ni nani?" aliuliza kwa Kiingereza chake cha kuimba.

Wa kati aliacha kutafuna. Kitindamimba alimtazama ng'ombe, kisha akanitazama mimi juu ya vichwa vya watu wote, na niliona mwaka mzima wa kurudia ukipita machoni mwake, na kazi ya mto ikienda zake. Nilitaka kusimama niseme ni mimi, mwanamke asiyesoma, msimuadhibu mtoto. Lakini nilikuwa nimekatazwa kusaidia.

Yule mama hakungoja jibu. Alimweka ng'ombe juu mlimani, akaanza kumtembeza kwa kidole, tik, tik, tik, kuteremka. "Mimi babu yangu alikuwa na mbuzi mahali kama hapa," alisema. "Kila jioni waliteremka kwenye kisima kilicho nyuma ya mikoko." Ng'ombe alifika kwenye ukuta wa hoteli, akasimama. Akamjaribisha kushoto, bwawa la kuogelea. Kulia, maegesho. "Sasa anapita wapi?"

Hapakuwa na pa kupita. Hata mimi niliyemficha sikuwa nimelitambua hilo. Nilikuwa nimeweka ng'ombe kwa ukaidi na kwa huzuni kidogo, basi.

Kitindamimba aliufuata ukuta wa hoteli kwa kidole, mwisho hadi mwisho. Kisha akasema, taratibu, kwa Kiingereza nilichoweza kukifuata, "Huyo aliwekwa na dada yangu mkubwa. Kwetu, mtu haruhusiwi kujenga kabla hajaonyesha njia ya kwenda majini. Aliniuliza nani anapita. Nikamjibu hakuna mtu."

Akaishika hoteli kwa mikono miwili, akavuta.

Haikutoka. Gundi ya Louisville ilikuwa imesema kweli. Akaweka goti kwenye meza, akavuta tena, na hoteli ikang'oka pamoja na ufuko wote wa kasa. Semolina ilipaa juu kama vumbi la ngoma, ikatua kwenye kompyuta ya kijana na kwenye viatu vya mwenye miwani. Kitindamimba, nywele zimejaa unga, aliipeleka hoteli hadi kwenye bega la mlima, juu ya mawe, karibu na barabara, akaikalisha pale na ufuko wake ukining'inia. Kisha akamchukua ng'ombe na kumteremsha mwenyewe, tik, tik, hadi nyuma ya mikoko.

"Kumbe Shetani ni huyu dada yetu mdogo," wa kati alininong'oneza.

Mwenye miwani alivipangusa viatu, akasema huo ulikuwa mpango wa kwanza aliouona mwaka huu ambao umekubali kuhama. Walitoka wakashauriana. Waliporudi, walimpitisha kwa sharti moja: achore upya, njia ionekane, na alete baada ya wiki moja. Mama wa hereni aliondoka na ng'ombe mfukoni bila kuaga.

Mchana ule tulipanda ngazi nyembamba za chumba chake kule Lower West Side. Nilipika maharage. Nilingoja nigombezwe, na nikagombezwa sawasawa, tangu vitunguu vinakaangwa hadi chumvi inatiwa: muongo, mkaidi, mtu mzima hovyo. Wa kati alikuwa akiitikia kila neno kama yuko kanisani.

Halafu kitindamimba akatandika karatasi mpya mezani, akachonga penseli, akakohoa.

"Bon, haya. Ile njia. Upana gani?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza swali la shule tangu darasa la sita. Nilifuta mikono kwenye kitenge.

"Ng'ombe wawili wakipishana," nilisema, "na katikati mtu mwenye ndoo, asimwage."

"Donc futi ngapi?"

"Futi sizijui. Lete ng'ombe."

Alinitazama, akanyanyuka, akatoa kwenye kabati lile kopo la kahawa, kumbe alilibeba kutoka kwangu. Akawamimina wote sita mezani, akachagua wawili wenye pembe pana zaidi, na kunisogezea rula.