Jabir na Kona ya Mwisho

Mume wangu Jabir huuza vifungo, zipu na lasi katika duka moja mtaa wa Biashara, na amefanya kazi hiyo tangu kabla hatujaoana. Si mtu wa makuu. Hagombani na mtu, na Ijumaa akitoka msikitini huniletea njugu kwenye karatasi. Watu huniuliza kwa nini ninakaa na wasiwasi na mume kama huyo. Huwaambia kwamba hawajaishi na mtu mpole. Mtu mpole akishikwa na jambo, halimwachi.

Jambo lililomshika Jabir ni mbio za magari.

Alipokuwa kijana wa shule, kulikuwa na ukumbi wa michezo ya video katikati ya mji, chini ya jengo la maduka. Alikuwa akienda huko na rafiki yake Taranjit, ambaye baba yake aliuza mabomba na mifereji. Kulikuwa na mashine moja kubwa yenye viti viwili na sukani mbili, kila mtu na gari lake kwenye skrini. Jumamosi moja wakashindana wao wawili, na watu wakajaa nyuma yao. Walifika kona ya mwisho wakiwa sambamba, tairi kwa tairi, na hapo hapo stima zikapotea mtaa mzima. Ziliporudi, mashine ilikuwa imesahau kila kitu. Muda si muda ukumbi ukafungwa, pakawa duka la viatu.

Tangu siku hiyo kila mmoja anadai yeye ndiye aliyekuwa mbele.

"Nilikuwa nimeshika ndani ya kona," Jabir husema.

"Ndani ya ndoto," Taranjit humjibu. "Ulikuwa unakula moshi wangu."

Nimesikia ubishi huo kwenye harusi yetu. Nimeusikia nilipomzaa binti yetu Afnan. Mwaka ule Jabir alipopasuliwa ngiri, Taranjit alikuja kumtazama wodini na matunda, na kabla hajaketi walikuwa wameshaanza, mpaka nesi akawaambia washushe sauti.

Mwaka huu, siku chache baada ya Idi, Taranjit alikuja na mkewe Gurdeep kutuambia wanahama. Watoto wao wako Kanada na wamewaita. Kazi yake ya kutengeneza lifti kwenye majengo ya Upper Hill amemwachia mpwa wake, na nyumba ya Lavington imeshapata mtu. Jabir alisema mashallah, akawapa mkono, akawasindikiza mpaka kwenye gari. Aliporudi alikaa kwenye kochi na viatu miguuni, kitu asichofanya kamwe.

"Ataondoka na hatujamaliza," akasema.

"Hamjamaliza nini?"

"Mbio, Mama Afnan."

Nilitaka kucheka. Nikamtazama uso, nikaacha.

Wiki iliyofuata alikuja na kijisanduku kutoka mjini. Ndani mlikuwa na kompyuta, lakini si ya kufungua na kufunga. Ilikuwa kibao kimoja tu, kadiri ya kadi ya benki, kila kitu kiko nje: vidoa vya chuma, matundu ya nyaya, mistari kama barabara. Aliichomeka kwenye televisheni, akaipa chaja ya simu, akaunganisha kontrola mbili za kuchezea, na ule mchezo wao wa zamani ukatokea mbele ya macho yangu. Jabir aliweka mkono mdomoni.

Furaha yake haikufika mbali. Magari yalikuwa yanakwenda kama yamo kwenye matope. Ukikata kona, gari linafikiri kwanza. Sauti ya injini ilikuwa inakatika katika kama mtu mwenye kwikwi.

"Si hivi," akasema. "Ilikuwa inaruka. Taranjit akiona hivi atanicheka mpaka Kanada."

Afnan, ambaye ni nesi na hana muda wa mambo haya, alimwonyesha mahali watu wanapofundishana kwenye simu. Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipoanza sawasawa. Nilivyoelezwa ni hivi: kompyuta hiyo imepangiwa mwendo kiwandani, lakini mwenyewe akitaka anaweza kuingia ndani, akabadilisha namba, akailazimisha ikimbie zaidi. Ikikimbia zaidi inakula umeme zaidi na inapata joto. Ikizidi, inakataa kuwaka.

"Na ikizidi zaidi ya hapo?" nikauliza.

"Basi imezidi."

"Baba Afnan, tuko ghorofa ya tatu."

"Haiwezi kuchoma nyumba, Mama Afnan. Ikiona joto limekuwa kali inapunguza mwendo yenyewe. Ina akili."

Mimi kitu chenye akili ndicho ninachokiogopa. Nilishuka pale wanapojenga jirani, nikaomba mchanga, nikaweka ndoo nyuma ya mlango. Kila aliporudi kazini na kuiwasha, mimi nilikuwa ninapitapita nyuma ya televisheni nikinusa.

Lakini nilimwona pia anavyofanya, na lazima niseme, alifanya kwa adabu. Hakuwa na pupa. Aliongeza mwendo kidogo, akacheza, akaiwekea kidole kupima joto, akaongeza tena, kama fundi anayepunguza suruali ya mteja akijua kwamba akikata sana hairudi. Kuna jioni alizidisha na skrini ikabaki nyeusi, naye akakosa hamu ya chakula mpaka alipoirudisha nyuma ikawaka. Kuna wakati alama ndogo ya radi ya manjano ilikuwa inatokea pembeni ya skrini, nikachomoa waya ukutani kwa mkono wangu.

"Radi, Baba Afnan! Inakwambia yenyewe!"

"Inaniambia ina njaa," akasema huku akicheka. "Chaja ya simu haiishibishi."

Akanunua chaja yake hasa, na radi ikaondoka. Akaibandika vipande vya chuma vyenye meno mgongoni ili vitoe joto. Na Alhamisi moja, kabla ya Jumapili tuliyowaalika kina Taranjit kwa chakula cha kuwaaga, aliniita kutoka jikoni. Gari lake lilikuwa linaruka. Injini ilinguruma bila kwikwi, kona zikaja moja baada ya nyingine, na mume wangu, mwenye mvi, alikuwa anaegemea kushoto na kulia kwenye kochi kama amebebwa nalo. Sikumbuki mara ya mwisho nilipomwona hivyo.

Jumapili niliamka mapema. Gurdeep hali nyama, kwa hivyo nilipika wali wa nazi, kunde, na viazi vya rojo, na mahamri ya chai. Kisha nikapanga nyumba. Kwangu vitambaa vya kufuma viko kila mahali. Jirani yangu Wavinya ndiye aliyenifundisha, na tangu hapo sijaacha. Migongo ya makochi, redio, friji, meza, vyote nimevivika. Nikavifua vyote, nikavipiga pasi, nikavitandaza. Nilipofika kwenye televisheni nikaona ile kompyuta imekaa pale chini yake, utumbo wote nje. Wageni wanakuja, na kitu kiko uchi hivyo, na vumbi la Ngong Road linaingia kutwa. Nikaifunika na kitambaa kidogo cheupe chenye maua pembezoni. Ikapendeza.

Walifika saa saba. Taranjit alipita mlangoni akaangalia ndoo.

"Salaam aleikum, bhabhi," akasema, maana ndivyo waitavyo shemeji kwao. "Mnajenga?"

"Ni ya rafiki yako huyo," nikasema. "Muulize."

Tulikula vizuri, lakini Jabir hakula. Alikuwa anasukuma kunde huku na huku akimtazama Taranjit kama mtoto anayengoja wageni wamalize soda. Mwishowe akanawa mikono, akamwambia, "Kaa hapa," akawasha televisheni.

Mchezo ulipotokea Taranjit aliinuka. Alisogelea skrini mpaka pua ikakaribia kuigusa.

"Umeitoa wapi?"

"Kaa, nimekwambia. Leo tunamaliza."

"Weh! Unataka niondoke nchini nikiwa nimekuacha unalia?"

"Shika kontrola, mzee wa lifti. Usizoee kupanda na kushuka tu."

Gurdeep alicheka, akaja kukaa karibu nami. Magari yakaondoka. Mzunguko wa kwanza Jabir alitangulia, wa pili Taranjit, na wote wawili walikuwa wanapiga kelele ambazo nina hakika zilisikika mpaka steji ya matatu ya Dagoretti Corner. Mimi nilikuwa ninanusa. Sikusikia kitu. Mzunguko wa tatu ulipoanza, nikaona gari la Jabir linasita. Halafu la Taranjit. Halafu injini zote mbili zikaanza kwikwi.

"Nini tena?" Taranjit akasema. "Jabir, yaar, mashine yako inazeeka kama wewe."

Jabir alisimamisha mchezo. "Haijawahi kufanya hivi. Nimeijaribu siku zote hizi. Imepata joto, ndiyo maana inajipunguza. Lakini kwa nini leo?" Akapiga magoti mbele ya televisheni, akanyoosha mkono, akagusa kitambaa.

Akageuka polepole akanitazama.

"Mama Afnan. Hii ni nini?"

"Kitambaa."

"Naona ni kitambaa. Kinafanya nini?"

"Wageni wanakuja," nikasema, "na ilikuwa uchi."

Hapo Taranjit akaanza. Alicheka akainama, akashika ukingo wa meza, kilemba chake kikapinda. "Ameivalisha sweta! Bhabhi ameivalisha sweta gari la mashindano!" Gurdeep alikuwa anafuta machozi kwa mtandio wake wa dupatta, na akasema kwamba kwa mama yake Kisumu hata mtungi wa gesi una gauni. Jabir alijaribu kukasirika, uso ukamshinda. Kitambaa alinipa mkononi, na kilikuwa moto kama kimetoka kwenye pasi.

Lakini magari yalikuwa bado yamesimama katikati ya mzunguko wa tatu, na kile kibao kilikuwa bado kinachemka. Jabir akasema kitapoa, lakini wakianza sasa hivi kitasita tena kabla hawajafika.

"Basi tungoje," nikasema.

"Tuna watu wa kuaga mpaka usiku," Gurdeep akasema. "Tunatakiwa Parklands saa kumi."

Nikamwona mume wangu anaangalia saa ya ukutani, na mabega yakashuka.

Nilikwenda jikoni nikachukua kipepeo changu, kile cha ukili ninachopulizia jiko la makaa. Nikavuta kigoda, nikakaa kando ya televisheni, nikaanza kupepea.

"Anzeni," nikasema.

"Bhabhi, si mshikaki huo," Taranjit akasema.

"Cheza wewe."

Nilipepea kama ninavyopepea makaa mabichi, kifundo cha mkono tu, bila kupumzika. Mara kidogo kwikwi ikapungua, kisha ikakoma. Magari yakaanza kuruka tena. Sikuwa ninaona skrini vizuri, kwa sababu nilikuwa pembeni, lakini niliwaona wao wawili, mabega yamegusana, vinywa wazi.

"Kona!" Jabir akapiga kelele. "Kona ile!"

"Naiona! Toka ndani, toka!"

Wakapita. Muziki ukalia. Taranjit akarusha kontrola juu. "Mimi! Mimi! Gurdeep umeona?"

Na Jabir, aliyeshindwa, alikuwa amesimama mikono juu vilevile. "Haikukwama! Mama Afnan, imefika mwisho, haikukwama!" Akamkumbatia Taranjit, akamtingisha, kilemba kikapinda upande wa pili.

"Sasa kubali," Taranjit akasema alipopata pumzi. "Ile Jumamosi nilikuwa mbele yako."

"Ile Jumamosi?" Jabir akasema. "Ile Jumamosi mimi ndiye niliyekuwa mbele. Leo umeshinda ya leo."

"Mungu wangu," Gurdeep akaniambia. "Nilidhani inaisha."

Taranjit alikuwa ameshainama kukikagua kile kibao. Aliuliza kinaitwaje, na kama Kanada vinauzwa, na Jabir akaanza kumweleza habari za chaja na vile vipande vya meno, na jinsi ya kuongeza mwendo kidogo kidogo. Akasema kijana mmoja wa dukani kwake aliwahi kumwambia kwamba watu hushindana wakiwa nchi mbili, kila mtu kwake. Taranjit akamtazama mkewe.

"Parklands watangoja," akasema. "Mara moja tu. Rudisha mwanzo."

Gurdeep akaninyang'anya kipepeo. "Pumzisha mkono, dada. Mimi nimepepea makaa ya roti maisha yangu yote."

Kwa hivyo mara hii nilikaa mbele ya skrini, na nikaelewa kwa mara ya kwanza kinachotendeka. Gari jekundu lilikuwa la mume wangu. Lilikuwa nyuma kidogo, na kona ile ilikuwa inakuja, na upande wa ndani kulikuwa na nafasi ambayo naona hakuwa ameiona.

"Ndani, Baba Afnan!" nikapiga kelele nikiwa nimesimama. "Ingia ndani!"