Mstari wa Mtunzi

Mjomba aliponiambia nisaini kama shahidi kwamba programu ile ameitunga yeye, nilisaini. Hakuna aliyenishikia kisu. Tulikuwa barazani kwa mama yangu, Lindi, mchana kweupe, mama akipepeta ufuta pembeni yetu, na kalamu ilikuwa yangu mwenyewe. Ningesema hapana siku ile, nisingekuwa na haya ya kuandika.

Biashara zilikuwa zimefunguliwa kwa watu binafsi, na mjomba alikuwa miongoni mwa waliochangamka. Alinunua ufuta Likawage na vijiji vya ndani, akaupakia kwenye lori kwenda Dar es Salaam. Mimi nilikuwa karani wa masjala katika hospitali moja ya pwani yetu. Wafadhili walikuwa wametuletea kompyuta, ikakaa miezi imefunikwa kitambaa cha kufuma, kila mtu akiipita kwa adabu. Nilikuwa na elimu ya kidato cha nne na Kiingereza cha kusomea, basi nikafungua kitabu chake.

Shida yetu masjala ilikuwa majina. Kwetu mtoto ana jina moja kabla ya jando, akitoka huko ana jingine. Binti akizaa anakuwa mama fulani. Kijana akienda Dar anarudi na jina la huko. Mgonjwa alitaja jina analolitumia siku hiyo, kadi haionekani, anaandikiwa mpya, na daktari hajui kwamba mwaka jana sindano ya penisilini ilitaka kumuua mtu huyohuyo. Kwa zaidi ya miaka miwili nilikuwa nabaki baada ya kazi, nikiandika programu ya kutafuta kadi. Haikuanza na jina la mgonjwa. Iliuliza kwanza mjomba wake ni nani, kwa sababu sisi Wamwera tunabadili majina, mjomba hatumbadili.

Siku ya kwanza muuguzi mmoja wa Kimakonde, mtani wangu mkubwa pale kazini, alisimama dirishani na mgonjwa wake.

"Haya, mganga wa televisheni, piga ramli. Huyu katupa majina matatu na yote hayamo."

Nikamuuliza mjomba wake ni nani, nikaandika. Ikatokea kadi ya miaka sita nyuma, ya mtu wa kijiji cha Sudi.

"Mmwera we! Umefuga jini humo?"

"Ninalo. Linakula Wamakonde tu."

"Ndiyo maana limenenepa. Kwenu lingekufa njaa!"

Hospitali nyingine zikasikia, zikaitaka. Mganga mkuu wetu akanionya nisimpe mtu diski kabla sijaandikisha hakimiliki Dar, kwa kuwa sheria mpya ililinda hata programu za kompyuta. Akaniagizia fomu. Lakini mvua zilikuwa zimekata barabara, likizo sikuwa nayo, na mjomba alikuwa akisubiri njia ipitike apeleke mzigo. Nikamwomba anipelekee.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa. Lete hiyo karatasi yako." Aliisoma polepole, kidole kikifuata mistari. "Hapa mwenye mali. Andika mimi. Hapa mtunzi. Andika mimi. Na hapa shahidi, saini wewe."

"Mjomba, mtunzi ni mimi."

"Nani kabisha? Lakini majina mawili kwenye karatasi moja ni ugomvi. Nani mjini atamsikiliza karani wa masjala? Mimi nina leseni, nina sanduku la posta. Au unaniogopa?"

Mama alisema bila kuinua macho kwenye ungo, "Kwani mjomba wako ni mtu baki, mwanangu?"

Baba alitutoka nikiwa mdogo. Mjomba ndiye aliyenipeleka jandoni, ndiye aliyenisomesha. Kumkatalia mbele ya dada yake ilikuwa sawa na kumvua nguo. Hata hivyo nilijua mstari ule ni uongo. Nilijiambia nimeshika heshima, kumbe nilishikwa na woga.

Hakunidhulumu alipokuwa hai, lazima niseme hivyo. Alifariki ghafla, na kwa sheria ya dini vitu vyake vikaenda kwa watoto wake, waliokulia Dar na kunijua kwa kunisikia tu. Walikuta cheti cha hakimiliki sandukuni, wakaiuza programu kwa kampuni moja. Kampuni ikaiandikia hospitali kwamba tunaitumia bila ruhusa. Mganga mkuu aliniita, akanisukumia nakala ya cheti.

"Uliniambia umeitunga wewe."

Wiki ile ile programu ilifutwa kwenye kompyuta yetu.

Nilikwenda Dar na madaftari yangu yote. Dada wa ofisi ya hakimiliki alinisikiliza kwa subira.

"Kaka, haki ya mtunzi inaanza siku anapoiandika kazi yake. Cheti ni ushahidi tu. Hata mtu akija bila cheti, akiwa na madaftari kama haya, ana pa kusimamia."

"Basi nina pa kusimamia."

Akageuza faili. "Saini hii ya nani?"

"Yangu."

"Unasema hapa ulimwona marehemu akiitunga. Nimwamini nani, wewe wa siku ile au wewe wa leo?" Kisha akauliza kwa upole, "Alikuwepo mtu mwingine mkisaini?"

Nilirudi mbio kwa mama. Nilimpigia magoti aende akaape kwamba mtunzi ni mimi.

"Ndugu yangu yumo kaburini," alisema. "Nikamwite mwongo mbele ya watu nisiowajua?"

Nilimrudia kila siku, asubuhi na jioni, kama mtu anayedai maji jangwani. Siku ya mwisho nilipandisha sauti mbele ya majirani, nikamwambia yeye na kaka yake walikula njama kuniuza. Kesho yake alifunga vitu vyake, akahamia kwa mdogo wake kule kijijini Sudi. Nilimfuata mara tatu. Kila mara alikuwa ndani, na kila mara mama mdogo alitoka kuniambia hayupo.

Programu imebaki na jina la mjomba. Kazi niliiacha mwenyewe, kwa sababu wenzangu hawakuniamini tena. Mama alifia Sudi bila kusema nami neno, nami nilifika akiwa ameshazikwa. Saini ile ilinipotezea vyote vitatu, na aliyeiweka ni mimi.