Dawa ya magoti ya Kolo na jiwe lililonitoa kwenye ile nyumba

Wakuu, habari za jioni. Haya yamenikuta mwenyewe, sikusimuliwa. Nisipokuwa na uhakika nitasema.

Nilipanda treni Mpanda, magoti yamevimba mpaka suruali inabana. Nilikuwa nabeba magunia ya mpunga huko. Kabla ya hapo nilikuwa Chunya, na kabla ya Chunya, Kilombero. Nina miaka arobaini na kitu, kidato cha nne nilimaliza, ila sijawahi kukaa mahali nikavuna nilichopanda.

Tabora tulisubiri sana. Mama mmoja muuza dagaa aliniona nashindwa kuinuka kwenye kiti.

"Baba, ukifika Dodoma usishangae mji. Panda basi linalopita Kondoa, ushuke Kolo, uulize kwa Mama Zuhura."

Hospitali nilishapita, msije mkanishambulia. Eksirei nilipiga, vidonge nilimeza. Vikiisha, maumivu yanarudi.

Basi nikafika Kolo nimejaa vumbi, napiga chafya kama kawaida yangu, maana aleji ninayo tangu shule.

Mama Zuhura ni Mrangi, mtu mzima wa miaka sabini na zaidi. Nikampa shikamoo.

"Marahaba. Magoti umekuja nayo au umeyaacha kwenye basi?"

Alichemsha magome na mizizi mpaka maji yakawa mekundu, akachuja kwa kitambaa. Maji nikanywa, machicha akanifunga magotini. Mti wenyewe siujui, hakuwahi kunitajia. Hata chafya zilipungua. Kama ni dawa au ni hewa ya kule, sijui.

Alinipa chumba cha uani. Mwanaye Zuhura alikuwa ameachika, amerudi kwa mama yake, analima alizeti. Siku ya kwanza aliniangalia nikila ugali wa uwele na mlenda, akacheka.

"Unakula kama mtu anayewahi basi."

Nikaanza kula taratibu. Wakuu, mimi sijawahi kula taratibu popote.

Sasa, mlangoni kulikuwa na jiwe kubwa. Mgonjwa anachuchumaa, anatwishwa jiwe kichwani, anainuka bila kushika ukuta. Akiweza, amepona. Na aliyepona halali tena kwenye ile nyumba, wala harudi.

Nilimuuliza Zuhura kwa nini. Akasema ni ya tangu enzi za Mjerumani. Bibi yake mama ndiye aliyekuwa na dawa wakati huo. Wapagazi walimjia wameharibika magoti kwa mizigo ya bomani. Askari walikuwa wakipita vijijini wakitafuta wa kubeba, na anayeweza kuinuka na mzigo anachukuliwa. Kwa hiyo yule bibi alimpima mtu kwa jiwe kabla askari hawajampima, akiweza anamwondosha siku hiyo hiyo kwa njia ya vilimani.

Mimi nilikuwa napona, nilijua. Nadhani na mama alijua. Siku moja alinikuta nimechuchumaa nafunga zizi la mbuzi. Akageuka akaanza kuongea na kuku. Jiwe hakulitaja.

Alizeti ikatoa maua. Zuhura akaanza kuniuliza kama watu wa kwetu huoa mbali. Nikamwambia wa kwetu sijui, mimi naoa hapa.

Kisha asubuhi moja mama aliteleza kisimani na ndoo yake, kifundo cha mguu kikageuka. Nilichuchumaa, nikamweka mgongoni, nikainuka. Nilipanda naye kilima mpaka nyumbani.

Nilipomweka kwenye mkeka alisema, "Umeinuka na mzigo."

"Mama, huo si jiwe, ni wewe," Zuhura akasema.

"Mimi ni mzito kuliko jiwe."

"Wajerumani walishaondoka, mama."

"Waliondoka. Babu yangu hajarudi."

Ndipo nikasikia ambalo Zuhura mwenyewe hakuwahi kuambiwa. Babu huyo alikuja kwenye ile nyumba kama mgonjwa. Akapona, akapendwa, akabaki. Askari wakamkuta uani akipasua kuni. Bibi alikuwa na mimba ya mama yake Mama Zuhura.

"Bibi alikufa anaangalia njia," akasema. "Huyu mwanangu hataangalia njia."

Nikamwuliza, "Na nikiumwa tena, mama?"

"Nenda hospitali."

Alisema huku anafuta macho kwa upindo wa khanga. Zuhura alinisindikiza mpaka kituoni, akanifungia mbegu za alizeti kwenye kitambaa kile cha kuchujia. Basi likaja. Nilipanda ngazi zake bila kushika chochote.

Nilichojifunza ni kwamba kuna watu wanaokufukuza kwa sababu wamekupenda, na huwezi kushindana nao. Mbegu bado ninazo, sijapata mahali pa kuzipanda.

Karibuni mseme, hasa watu wa Kondoa. Mngekuwa nyie, mngemwacha mama pale kisimani mkaenda kuita majirani?