Gitaa la Kumjibu Mdogo Wangu

Mdogo wangu alipoanza kuimba Jumapili mchana kwenye mgahawa mmoja kando ya ziwa, aliimba kwa kufuata muziki uliorekodiwa. Aliunganisha simu na spika, akabonyeza, akaimba. Shida ya muziki wa namna hiyo ni kwamba haumsubiri mtu. Akikawia kwenye neno kwa sababu limemgusa, spika inaendelea na safari yake, na yeye anabaki kuikimbilia. Siku moja alirudi nyumbani amechoka, akavua viatu, akaniambia, "Dada, jifunze bluzi unipigie. Gitaa unalo, na mimi unanijua."

Gitaa nilikuwa nalo kweli. Nilipigia kwaya kanisani tangu sekondari. Ila lile lilikuwa gitaa la kwenda sambamba na watu wengi, ambalo hata ukikosea sauti za wenzako zinakufunika. Bluzi, ule muziki wa polepole wa majonzi, ni mtu mmoja na wewe.

Mimi ni fundi cherehani Mabatini, na ni mteja wangu aliyenielekeza kwa mwalimu mmoja Igogo, mwanamume wa makamo aliyewahi kupiga kwenye bendi za hoteli. Nilimkuta barazani anabadilisha nyuzi. Nikamwamkia, akaitikia "Marahaba" bila kuinua kichwa. Nikamweleza nilichokuja kutafuta. Hapo ndipo aliponitazama.

"Huyo mwimbaji ana umri gani?"

"Ni mtu mzima."

"Ameolewa?"

"Mwalimu, gitaa linahitaji kujua hilo?"

Akacheka kidogo, akanipa gitaa nilishike. Lakini swali lile nilirudi nalo nyumbani.

Kufundisha alijua, hilo siwezi kumnyima. Alinianzishia kodi tatu, yaani nyuzi kadhaa zinazobonyezwa zikalia pamoja, akaniongezea kwenye kila moja ile sauti ya saba inayoifanya ilie kama ina neno haijalimaliza. Mama alinisikia nikilalamika kwamba kodi ya tatu inanishinda, akaniuliza mwenye nyumba amepandisha lini. Nilicheka, kisha nikaendelea kubonyeza mpaka ncha za vidole zikawa ngumu, sindano ikawa hainichomi tena kazini.

Baada ya kodi yalikuja majibu. Mwimbaji wa bluzi anasema mstari wake, kisha anavuta pumzi, na katika ile nafasi gitaa linamjibu kwa noti chache. Mwalimu alinionyesha namna ya kuvuta uzi kwa kidole upande taratibu, mpaka sauti ipande kama mtu anayeuliza. Nikayashika majibu kadhaa. Kila nilipoyapiga alitikisa kichwa.

"Unamjibu nani? Hapa hakuna aliyesema kitu. Mlete mdogo wako."

"Ana kazi." Mdogo wangu anauza kwenye duka la dawa.

"Basi nitumie sauti yake."

Sikumtumia. Nilimsikilizisha kwenye simu yangu, nimeishika mwenyewe mkononi. Akafumba macho. Akaniomba nirudie, kisha nirudie tena, mpaka nikaizima nikasema chaji inaisha. Haikuwa inaisha.

Siku nyingine nilifika mapema, nikasimama nje ya mlango kukung'uta vumbi miguuni. Alikuwa anaongea na simu. "Nimempata," alisema. "Hapana, bado sijamsikia vizuri. Dada yake anamficha." Niliingia, akaikata simu papo hapo, akaniambia leo tunarudia mkono wa kulia. Nilipiga vibaya saa nzima. Nilikuwa natazama mikono yake, nikitafuta humo ni mtu wa aina gani.

Nilimweleza mdogo wangu nilichosikia. Nilidhani ataogopa. Yeye akasema, "Twende wote, tumwone."

Tukaenda. Nilimvalisha kitenge kirefu nilichomshonea mwenyewe, nikamkalisha upande wangu, mbali na mwalimu. Kulikuwa na mwanamume mwingine ndani, shati limepigwa pasi vizuri. Mwalimu alisema ni jamaa yake amepita kusalimia. Huyo jamaa hakusalimia mtu zaidi ya mara moja. Mdogo wangu akaimba. Mwalimu hakumtazama hata kidogo. Aligeukia ukuta, akawa anasikiliza kwa mgongo. Mimi niliyekuwa nikimlinda asipatwe na macho ya mwalimu niliona macho ya mwalimu hayana habari naye. Yule wa shati ndiye aliyekuwa akimpima, na alipotoka alimwomba namba ya simu kwa adabu kabisa.

Siku chache baadaye tulikuwa jikoni tunamenya ndizi, mdogo wangu akasema, "Wameniita Usagara. Kuna hoteli, wana bendi yao. Na mpiga gitaa wanaye."

"Nilijua," nikasema.

"Ulijua nini? Ulidhani wananitaka mwili."

Nilikuwa nimelinda mlango mmoja, watu wamepita mwingine. Nikamwambia aende akaone.

Alikwenda. Mimi nikaenda Igogo, nikamuuliza mwalimu nikiwa bado nimesimama, "Ulikuwa unanifundisha mimi, au ulikuwa unamtafuta yeye?"

"Vyote viwili," alisema, huku akikaza uzi. "Bendi ile ni ya rafiki yangu. Waliniomba sauti. Kaa tufanye kazi."

Ningeweza kuondoka. Nilikaa, kwa sababu hakuna mwingine niliyemjua anayeweza kunifundisha, na kwa sababu nilitaka kuona kama sasa ataanza kunidanganya. Hakunidanganya. Siku hiyo alinifundisha kuacha: kumsikiliza mwimbaji akimaliza mstari, na kama neno lake limetosha, kuiacha nafasi ikae tupu.

Mdogo wangu alirudi kutoka Usagara. Alikula kwanza. Kisha akasema, "Yule kijana wao anapiga vizuri kuliko wewe. Vizuri sana. Ila hanyamazi. Kila nikitaka kupumua nakuta yupo." Akaosha mikono. "Sirudi."

Jumapili iliyofuata nilikaa kwenye kiti cha plastiki pembeni yake pale mgahawani, watu wakila samaki, mawe ya ziwani yamejaa ndege. Alisema mstari wake wa kwanza, akavuta pumzi, nikamjibu kwa noti tatu, moja ikiwa ya makosa. Akanigeukia akatabasamu kama aliyeitarajia. Wimbo wa pili alikawia kwenye neno moja, akakawia sana, nami nikabaki kwenye kodi yangu nikimsubiri, mpaka alipokuwa tayari.

Tulipokuwa tunafungasha akaniuliza, "Kesho unakwenda kwa mwalimu?"

"Nakwenda."

"Bado humwamini?"

"Simwamini."

"Lakini unakwenda."

"Kuna kodi bado sijaipata," nikamwambia, nikalitia gitaa kwenye mfuko wake.